Koleo kwenye kikonyo cha ini: shajara ya kielelezo cha mzunguko wa damu

Siku ya 1

Nimefungua lahajedwali tupu na juu kabisa nimeandika swali ambalo mradi wote huu utalitumikia: damu inayoingia kwenye ini ikikatizwa ghafla, kwa nini shinikizo la damu hupanda badala ya kushuka, na homoni za msongo zina mkono gani hapo?

Nafundisha fiziolojia, na swali hili limenikaa rohoni muda mrefu. Mwulize mwanafunzi kitakachotokea ukiziba mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, hakawii kujibu: damu haba inarudi, moyo unasukuma haba, shinikizo linaporomoka. Kajibu sawasawa. Sasa mwambie kwamba mshipa wenyewe ni vena ya lango, ile inayokusanya damu ya utumbo, wengu na kongosho na kuipeleka ini. Hapo mantiki yake inakwama, maana katika chumba cha upasuaji mambo huenda kinyume. Koleo, kibanio cha mpasuaji cha kufunga mishipa, likishabana, pato la moyo (damu ambayo moyo husukuma kwa dakika) hupungua kidogo tu, kwa takriban asilimia 10. Ukinzani wa mishipa, yaani ugumu wa damu kupita ndani yake, ndio unaopanda, nao waweza kupanda kwa hadi asilimia 40, na shinikizo la ateri hupanda nao.

Maelezo mengi hutaja sababu mbili tatu kwa sentensi moja kisha yakapita. Mimi nataka kuiweka kila sababu kwenye mizani peke yake, nione ina uzito gani.

Siku ya 2

Leo ni tarakimu za kuanzia. Mtu wangu ni mtu mzima aliyelala chali: pato la moyo lita 5 kwa dakika, wastani wa shinikizo la ateri milimita 90 za zebaki, shinikizo la vena kuu 5. Ini lake lina kilo moja na nusu hivi, kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini linakunywa robo ya pato lote la moyo au zaidi kidogo. Nimeliwekea lita 1.5 kwa dakika. Karibu robo tatu ya hiyo hupita vena ya lango na iliyobaki hupita ateri ya ini, kwa hiyo nimeandika 1.1 na 0.4. Oksijeni haifuati mgawanyo huo. Damu ya lango imekwisha kutumiwa na utumbo, kwa hiyo ateri, ingawa ni nyembamba, huleta karibu nusu ya oksijeni ya ini.

Njia hizo mbili huingia ini zikiwa bega kwa bega na mrija wa nyongo, ndani ya ukunjo mmoja wa utando ambao hapa nitauita kikonyo cha ini. Nyuma yake pana tundu la kupitisha kidole. Ndiyo maana daktari mpasuaji anaweza kuzifunga zote kwa mkono mmoja. James Hogarth Pringle, mpasuaji wa Glasgow, aliandika juu ya mbinu hiyo mwaka 1908, akihangaika na watu walioletwa na ini lililopasuka kwa ajali. Wagonjwa aliowapasua hawakupona. Alipoijaribu kwa sungura ilifaulu, na mbinu yake bado inatumika kila mahali panapokatwa ini, kwa kawaida kwa kubana dakika 15, kuachia 5, kisha kubana tena.

Siku ya 5

Hesabu ya kwanza imetoka, nami nimeiandika kwenye karatasi pia, maana ni fupi mno kuwa kweli.

Tofauti ya shinikizo kati ya ateri na vena kuu ni 85. Gawanya kwa lita 5, ukinzani wa mwili mzima ni 17. Sasa ondoa njia ya utumbo na ini, ambayo ilikuwa inapitisha lita 1.5. Zinabaki njia zinazopitisha lita 3.5, na ukinzani wake ni 85 gawanya kwa 3.5, yaani 24.3. Kutoka 17 hadi 24.3 ni ongezeko la asilimia 43.

Ni karibu kabisa na kile kinachopimwa kwa wagonjwa! Hakuna neva wala homoni. Ni mabomba tu: mlango mmoja umefungwa, umati unasongamana kwenye milango iliyobaki. Nimekaa nikiangalia ile 43 kwa muda mrefu. Kama ni hivi, basi sura nzima ya homoni katika maelezo ya jambo hili ni pambo tu.

Siku ya 6

Nimempelekea kazi hii daktari wa usingizi ambaye kwa miaka mingi amesimama upande wa kichwa cha mgonjwa wakati ini likikatwa. Nimemwambia, "Dokta, naona ukinzani unajieleza wenyewe."

Akaisoma polepole. "Kijana, umeuondoa utumbo kama vile umeukata ukautupa. Mimi nikiwa pale, utumbo upo. Ateri yake iko wazi. Koleo liko mbele, kwenye mlango wa kutokea. Utumbo unaendelea kunywa. Hiyo damu unaipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli, koleo halifungi ateri za utumbo, linafunga mlango wa ini. Kuna pia jambo jingine nililolipuuza: nikiliacha pato la moyo libaki lita 5, shinikizo kwenye lahajedwali linafika 126, na hakuna anayeliona hilo kwa mgonjwa wa kawaida. Hesabu yangu ilifika kwenye jibu sahihi kwa njia isiyokuwapo mwilini.

Siku ya 9

Nimeujengea utumbo kisanduku chake. Una ukinzani wa kuingilia (tofauti ya 90 na 8 ya vena ya lango, gawanya kwa 1.1, inatoa takriban 75) na una unyumbufu, yaani vena zake zinavimba kadiri shinikizo linavyopanda. Unyumbufu nimeukisia: mililita 20 kwa kila milimita 1 ya zebaki. Ni kisio la kufanyia kazi, na nimelipaka rangi ya njano kwenye jedwali ili mtu asije akadhani ni kipimo.

Nikabana koleo, na mtu wangu akafa.

Ndani ya dakika moja na nusu lita nzima ya damu ilikuwa imenaswa kwenye utumbo, na kama hesabu ingeachwa iendelee ingefika lita 1.6. Kwa mtu mwenye lita 5 za damu, huko ni kuvuja damu bila hata tone kutoka nje. Moyo wa kielelezo ulibaki mkavu.

Nilidhani nimekosea alama mahali, nikapitia kila seli ya jedwali. Hakukuwa na kosa. Kisha nikakumbuka mbwa. Katika maabara za zamani za upasuaji, mbwa aliyebanwa kikonyo bila kutengenezewa mchepuko wa damu hakustahimili. Utumbo ulijaa damu, shinikizo likaanguka, akafa. Ndiyo sababu watafiti wa panya hubana sehemu ya ini tu, kama asilimia 70 hivi, sehemu iliyobaki ikiachwa wazi ili utumbo upate pa kutolea. Kielelezo changu kimemfanya mtu awe mbwa.

Binadamu hustahimili. Kwa hiyo damu inapata pa kupita.

Siku ya 10

Njia za pembeni: mishipa midogo inayounganisha eneo la lango na vena za kawaida, kwenye umio, nyuma ya tumbo, kwenye puru. Siku za kawaida hazina kazi. Shinikizo likipanda zinafunguka. Nimeziweka kwenye kielelezo kama bomba moja lenye ukinzani wa 31, kiasi cha kuifanya vena ya lango itulie kwenye 30 badala ya kuendelea kupanda.

Mtu wangu yuko hai. Kilichonaswa utumboni ni mililita 440, pigo ambalo moyo unaweza kulibeba. Utumbo unaendelea kupitisha lita 0.8 kwa dakika.

Lakini tazama kilichotokea kwa ukinzani. Kwa shinikizo lilelile la 90, mwili sasa unapitisha lita 4.3 badala ya 5. Ukinzani umepanda kwa asilimia 16, si 43. Ile asilimia 43 iliyonifurahisha siku ya tano ni ukinzani wa maiti. Mtu aliye hai, mwenye njia za pembeni zinazotosha kumweka hai, anapata sehemu ndogo tu ya ongezeko hilo kutoka kwenye mabomba. Sehemu iliyobaki lazima itoke kwingine.

Nimempigia Dokta simu. "Sasa tuzungumze habari za neva," akasema.

Siku ya 12

Neva basi. Kuna kitendawili hapa ambacho wanafunzi wangu watakipenda.

Mwili una vihisi vya shinikizo kwenye shingo na kwenye mkunjo wa aota, ateri kuu itokayo moyoni. Shinikizo likipanda, vinaamrisha neva za simpathetiki, zile zinazokaza mishipa, zilegee, na likishuka, zikaze. Katika kubana kikonyo shinikizo la ateri limepanda. Kwa kanuni hiyo, neva za simpathetiki zilipaswa kulegea na mishipa kufunguka, lakini mishipa inakaza. Amri ya kukaza basi haitoki kwa vihisi vya shingoni, inatoka mahali pengine kwa sauti kubwa zaidi.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni kikonyo chenyewe. Kimejaa nyuzi za neva zinazozunguka ateri na vena. Madaktari wa usingizi wameona kwamba ukidunga lidokaini, dawa ya ganzi, ndani ya kikonyo kabla ya kubana, shinikizo halipandi kama kawaida. Ganzi haizibi wala kuzibua bomba, inachonyamazisha ni neva. Sijaona ushahidi mwingine unaosema wazi hivyo kwamba sehemu ya mpando ule ni ujumbe, na laiti ningeufikiria kabla ya kuishangilia ile 43.

Mahali pa pili ni upande wa damu inayorudi. Atiria za moyo, vyumba vyake vya juu vinavyopokea damu, zina vihisi vyake vya kujaa. Mililita 440 zikinaswa utumboni, atiria zinalegea hata kama ateri zimejaa. Mwili unapata habari mbili zinazopingana, moja kutoka kwenye ateri na nyingine kutoka kwenye atiria na kikonyo, na ya pili inashinda.

Siku ya 17

Siku nne zimeenda kwenye homoni, na nyingi kati ya hizo nilizitumia kujibu swali lililogeuka kuwa dogo kuliko nilivyodhani.

Kila anayesikia habari za ini na homoni hufikiria jambo moja kwanza: ini ni dobi. Linafua kotisoli, linafua aldosteroni, linafua adrenalini na noradrenalini kwa vimeng'enya vyake. Utumbo na viungo jirani humwaga noradrenalini nyingi kwenye damu ya lango, na ini huiondoa sehemu kubwa kabla haijafika moyoni. Kwa hiyo ukilifunga ini, nguo chafu zinarundikana. Nilitegemea hili ndilo litakuwa moyo wa mradi.

Nikaliweka kwenye hesabu kwa kutumia nusu-uhai, yaani muda ambao kiwango cha homoni hupungua kwa nusu kama hakuna inayoongezwa. Kotisoli ina dakika 60 hadi 90, nimechukua 75. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zikiendelea kuitoa kwa kasi ileile, na ufuaji ukasimama kabisa kwa dakika 15, kotisoli inapanda kwa asilimia 14. Basi. Mabadiliko ya saa moja ya kawaida ya asubuhi yanaweza kupita hapo.

Aldosteroni ni tofauti kidogo. Ini huikamata karibu yote kwa mpito mmoja wa damu, na nusu-uhai wake ni kama dakika 20. Dakika 15 bila ini zinaipandisha kwa asilimia 52. Ni nyingi, lakini aldosteroni hufanya kazi yake kupitia jeni za seli za figo, jambo la saa nzima au zaidi. Koleo litakuwa limeshafunguliwa na kubanwa tena mara kadhaa kabla figo haijaanza kuitikia.

Vasopresini huondolewa na figo na ini kwa pamoja. Hata nikilipa ini nusu nzima ya kazi hiyo, na nusu-uhai wa dakika 15, mwisho wa kubana imepanda kwa asilimia 29 tu. Adrenalini ina nusu-uhai wa dakika mbili tatu, na tishu nyingi zaidi ya ini huiondoa. Kama ini lingekuwa na theluthi ya kazi, adrenalini ingepanda kwa nusu na kutulia hapo.

Kwa hiyo ufuaji uliokatizwa hauelezi mengi katika dakika 15 za koleo. Homoni ikionekana imepanda mara mbili, mara tatu au zaidi ndani ya muda huo, tezi imeamrishwa imwage.

Siku ya 19

Nani anaamrishwa, na kwa mpangilio gani? Nimeliandika hili kama mstari wa wakati kwenye kielelezo, na naona ndivyo litakavyofundishika vizuri.

Sekunde za kwanza ni za neva. Noradrenalini inayomwagwa kwenye ncha za neva haihitaji kusafiri, inakaza mshipa palepale ilipotoka. Kipimo cha noradrenalini kwenye damu ni kile kilichofurika tu kutoka kwenye ncha hizo, na hivyo huchelewa kuonyesha kazi iliyokwisha kufanyika. Hii ni tahadhari kwa yeyote anayesoma majibu ya maabara na kusema homoni ilipanda baada ya shinikizo, kwa hiyo si sababu.

Dakika za mwanzo ni za tezi za adrenali zikimwaga adrenalini, na tezi ya pituitari ikimwaga vasopresini. Vasopresini ndiyo iliyonishika zaidi. Katika kukatizwa kwa damu ya ini, hasa pale vena kava (ile vena kuu inayorudisha damu moyoni) nayo inapofungwa, hupanda sana pamoja na noradrenalini. Kazi yake katika mishipa ni kukaza, na ukazaji wake ni mkali zaidi kwenye ateri za utumbo. Madaktari wanaujua uwezo huo: dawa za ukoo wake hutumika kupunguza damu inayoingia eneo la lango pale mishipa ya umio inapovuja.

Fikiri maana yake hapa. Utumbo umefungiwa mlango wa kutokea, unavimba. Kinachokuja ni homoni inayobana mlango wake wa kuingilia. Nimeupandisha ukinzani wa ateri za utumbo kwa nusu, kutoka 75 hadi 112. Shinikizo la lango likashuka kutoka 30 hadi 23, damu iliyonaswa ikapungua kutoka mililita 440 hadi 310, na ukinzani wa mwili mzima ukapanda kutoka ongezeko la asilimia 16 hadi 22. Kwa tendo moja, vasopresini inarudisha damu kwa moyo na kuongeza shinikizo. Ili kufikia asilimia 40 kamili, mishipa mingine yote ya mwili inatakiwa ikaze kwa chini ya moja ya tano tu. Hicho ni kiasi ambacho neva za simpathetiki hukimudu bila taabu.

Hapo ndipo hesabu ilipofungika. Mabomba 16, vasopresini utumboni inafikisha 22, neva kila mahali zinamalizia. Tarakimu zenyewe zitabadilika ukibadilisha makisio ya njano, na nimejaribu kuyabadilisha. Mpangilio haukubadilika: kadiri njia za pembeni zinavyokuwa nzuri, ndivyo mabomba yanavyoeleza kidogo na homoni na neva zinavyobeba zaidi.

Siku ya 20

Nimempelekea Dokta. Amejibu kwa ujumbe mmoja: "Sasa utumbo umeukumbuka. Funga na vena kava."

Siku ya 24

Hali ya pili: ini linafungwa kote, kikonyo na vena kava chini na juu ya ini. Hufanywa pale uvimbe unapokuwa umeshikana na vena kuu yenyewe.

Hapa mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza anapata haki yake. Miguu, figo na nyonga zote zinazuiwa, na sehemu kubwa ya damu inayorudi moyoni hutoka huko. Pato la moyo huporomoka kwa takriban nusu. Mapigo yanakwenda mbio, ukinzani unapanda sana, vasopresini na noradrenalini zinapaa, na homoni inayotolewa na atiria zilizojaa inashuka kwa kuwa atiria zimekuwa tupu. Vihisi vyote, vya shingoni na vya atiria, sasa vinasema neno moja. Kitendawili kimeisha.

Hali hizi mbili zinafaa kuwekwa kando kwa kando. Katika kubana kikonyo pekee, homoni zinafanya kazi kwenye mwili ambao bado una damu ya kutosha, na shinikizo linapita kiasi. Katika kufunga kote, homoni zilezile zinapambana kuzuia kuanguka, na zisipofaulu timu hulazimika kuachia koleo au kutumia mashine inayopitisha damu ya chini kwenda juu. Wapandikizaji wa ini walitegemea sana mashine hiyo kuanzia miaka ya 1980, kabla ya kuenea kwa mbinu ya kuiacha vena kava wazi.

Jambo moja la utendaji nimeliongeza pembeni. Ili ini lisivuje sana linapokatwa, madaktari huweka shinikizo la vena kuu chini, mara nyingi chini ya 5. Ni busara. Lakini mgonjwa aliyekaushwa namna hiyo anaingia kwenye kufungwa kwa vena kava akiba yake ikiwa imekwisha kutumika, kwa hiyo lazima ajazwe kwanza.

Siku ya 26

Nimeshinda na ini lenyewe, maana hadi sasa kielelezo kilikuwa kinalitendea kama mlango tu.

Damu ya lango ikipungua (kupungua tu, si kuzibwa kote), ateri ya ini hufunguka kufidia sehemu ya upungufu. Wayne Lautt, mtafiti wa Kanada, aliupa mwitikio huu jina mwaka 1981, na baadaye akaueleza kwa kemikali iitwayo adenosini: ini huitoa bila kukoma, damu ya lango huifagia, na ufagiaji ukipungua adenosini hurundikana kando ya ateri na kuifungua. Upande wa pili haufanyi hivyo. Ateri ikizibwa, vena ya lango haiongezi, kwa sababu mtiririko wake unaamuliwa na utumbo.

Kilichonifanya nisimame ni kwamba adenosini hiyohiyo huamsha neva za ini. Katika panya, kupunguza damu ya lango kumeonyeshwa kupunguza chumvi na maji yanayotolewa na figo, na neva za ini zikikatwa mwitikio hutoweka. Yaani ini lina kipimo chake cha mtiririko, na ujumbe wake unafika figo bila kungoja shinikizo la mwili mzima libadilike. Nimeongeza mshale mmoja kwenye mchoro kutoka ini hadi figo. Sijauwekea tarakimu, umebaki mshale.

Siku ya 30

Kuachia koleo. Nilidhani ni kubana kulikogeuzwa nyuma. Sivyo hata kidogo.

Damu iliyokuwa imenaswa utumboni inaingia ini kwa kishindo, ikiwa na asidi na potasiamu. Mishipa ya ini lililokosa oksijeni inalegea. Katika kupandikiza ini hali hii ina kipimo chake tangu 1987: shinikizo likianguka kwa zaidi ya asilimia 30 kwa angalau dakika moja, ndani ya dakika 5 za kwanza baada ya damu kurudi. Baada ya kubana kikonyo kwa muda mfupi, mara nyingi ni mteremko mdogo unaopita.

Kielelezo kimeniongezea swali. Wakati wa koleo shinikizo lilishikiliwa na homoni. Koleo likifunguliwa, ishara ya neva za kikonyo inakoma na dobi anarudi kazini, vyote kwa dakika ileile mishipa inapolegea. Adrenalini inayeyuka ndani ya dakika chache, vasopresini inachukua muda zaidi. Nguzo inaondolewa mzigo ukiwa bado unashuka.

Sukari nayo inasimulia hadithi hiyohiyo. Wakati wa koleo adrenalini inaliamrisha ini litoe glukosi, amri inayofika kwenye mlango uliofungwa. Ini likirudi linakuta amri zimerundikana, na sukari ya damu mara nyingi inaruka juu baada ya kufunguliwa. Nimemwambia Dokta kuhusu hili, akasema amekuwa akiiona sukari hiyo miaka yote akiilaumu dripu.

Siku ya 33

Kotisoli, mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo inayopotosha zaidi.

Upasuaji wenyewe unaipandisha tangu kisu cha kwanza, kabla koleo halijaguswa. Ganzi ya uti wa mgongo huupunguza mpando huo. Etomideti, dawa ya kulaza, hufunga kimeng'enya cha adrenali na kuizuia kwa saa kadhaa. Mtu akipima kotisoli baada ya koleo bila kujua mgonjwa alilazwa kwa dawa gani, anapima dawa ya usingizi.

Kisha kuna mtego wa pili. Karibu asilimia 90 ya kotisoli husafiri imeshikwa na protini, na protini hizo hutengenezwa na ini. Kwa mgonjwa wa ini wa muda mrefu protini zinapungua, kipimo cha jumla kinasomeka chini, na huenda kotisoli huru, ile inayofanya kazi, iko sawa. Kwa upande mwingine, upungufu wa kweli wa adrenali upo kwa wagonjwa hawa pia: malighafi ya kotisoli ni kolesteroli, na sehemu kubwa ya kolesteroli inayofika adrenali hupitia mikononi mwa ini. Kwa hiyo kipimo cha jumla peke yake hakitofautishi haya mawili. Katika kielelezo nimeweka mistari miwili, ya jumla na ya huru, na nimekataza mtu kuifuta mmojawapo.

Siku ya 36

Wanafunzi sita wameijaribu lahajedwali leo. Kisanduku walichokichezea zaidi ni kile cha njano cha njia za pembeni. Mmoja aliufanya ukinzani wake uwe mdogo sana tangu mwanzo, kama mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, ambaye mishipa yake ya pembeni imekuwa wazi kwa miaka, kisha akabana koleo. Shinikizo karibu halikutikisika. Akauliza kama basi mgonjwa huyo ndiye aliye salama zaidi kubanwa.

Nilimwonyesha safu ambayo hakuwa ameifungua, ile ya seli za ini zenyewe. Ini lenye afya huweza kustahimili hadi saa moja hivi bila damu, lenye sirosisi hustahimili muda mfupi zaidi. Mzunguko ulikuwa umetulia, huku ini lake likifa njaa kimyakimya. Ameniomba niipandishe safu hiyo juu, karibu na shinikizo, ili mtu asiweze kuitazama moja bila nyingine. Nimeihamisha jioni hii.

Kilichobaki ni kuandika maelezo ya seli za njano na kumpelekea Dokta faili lote. Ameshaniuliza mara mbili liko wapi.